Kuikagua Nambari Kubwa kwa Kalamu na Karatasi: Hesabu za Sensa ya Meru na Embu

Sensa ya 2019 ilihesabu kila aliyelala nchini Kenya usiku wa kuamkia Agosti 25. Matokeo yalipotolewa Novemba mwaka huo, Kaunti ya Meru ilikuwa na watu 1,545,714, Embu 608,599, na Tharaka-Nithi, iliyo katikati ya hizo mbili, 393,177. Tangu hapo nambari hizo zimenakiliwa kutoka ripoti hadi ripoti, kutoka mpango wa maendeleo hadi ombi la fedha, na kila anayenakili anaweza kukosea. Mwananchi akikutana nazo husoma "milioni moja na nusu na ushei", kisha hupita. Shuleni tulifundishwa kufanya hesabu. Kuihoji hesabu iliyofanywa na mtu mwingine hatukufundishwa sana.

Lakini inawezekana kuihoji. Nambari nzima, hata iwe ndefu namna gani, ina tabia zake, na ukizijua chache unaweza kushika makosa kwenye jedwali la bajeti ya kaunti, taarifa ya kilo za majani chai au daftari la chama. Hakuna haja ya kikokotoo. Kifungu cha 201 cha Katiba ya Kenya kinataka fedha za umma ziendeshwe kwa uwazi na wananchi washirikishwe. Ni vigumu kushiriki ikiwa jedwali lenyewe linakushinda kukagua.

Kutupa tisa

Anza na Meru. Jumlisha tarakimu za 1,545,714: 1+5+4+5+7+1+4 ni 27, na 2+7 ni 9. Nambari yoyote ambayo tarakimu zake huishia 9 kwa namna hii hugawanyika kwa 9 bila baki. Embu: 6+0+8+5+9+9 ni 37, 3+7 ni 10, 1+0 ni 1. Maana yake ukigawanya 608,599 kwa 9 utabaki na 1. Tharaka-Nithi inaishia 3, kwa hiyo inagawanyika kwa 3 lakini kwa 9 inaacha baki la 3.

Hakuna uganga hapo. Kumi ni tisa na moja. Mia ni tisini na tisa na moja. Elfu ni 999 na moja. Basi mia tano ukiitoa mafungu yote ya tisa inaacha tano tu, na elfu tano nayo inaacha tano tu. Tarakimu popote ilipokaa huacha thamani yake yenyewe, ndiyo sababu kuzijumlisha kunatosha. Wanahesabu wa ulimwengu wa Kiislamu walikuwa wakiifundisha njia hii zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na makarani wa biashara wakaitumia karne nyingi kabla ya mashine za hesabu kuwapo.

Faida yake inaonekana kwenye majumlisho. Ripoti ya sensa inasema Meru kulikuwa na wanaume 767,698, wanawake 777,975 na huntha 41 (hiyo ndiyo sensa ya kwanza Kenya kuwahesabu huntha peke yao). Je, watu hao kweli ni 1,545,714? Tupa tisa katika kila moja: wanaume wanaacha 7, wanawake 6, huntha 5. Saba na sita na tano ni 18, nayo ni tisa mbili, haibaki kitu. Jumla ya Meru tumeshaona nayo haibakishi kitu. Zimepatana. Fanya hivyo kwa Embu: wanaume 304,208 wanaacha 8, wanawake 304,367 wanaacha 5, huntha 24 wanaacha 6, jumla 19, inayoacha 1. Na 608,599 inaacha 1.

Kuzidisha pia kunakaguliwa hivyo hivyo, na hapo ndipo mkulima anapopata haki yake. Tuseme umepeleka kiwandani kilo 847 za matunda ya kahawa na bei iliyotangazwa ni shilingi 115 kwa kilo. Taarifa inasema utalipwa 97,405. Tarakimu za 847 zinaacha 1, za 115 zinaacha 7. Moja mara saba ni 7. Tarakimu za 97,405 ni 25, zinaacha 7. Sawa. Zingeacha 4 au 8, ungejua kuna kosa kabla hujaondoka dirishani.

Tofauti inayogawanyika kwa tisa

Sasa kuna kosa moja ambalo njia hii hailioni hata kidogo, nalo ndilo kosa la kila siku: kubadilishana kwa tarakimu mbili zilizo jirani. Mtu anasoma 97,405, vidole vinaandika 97,045. Tarakimu ni zile zile, jumla yake ni ile ile 25, na kutupa tisa kunapitisha kosa kama kitu halali.

Udhaifu huo huo lakini umewapa waweka hazina chombo bora kuliko vyote ninavyovijua. Ikiwa tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, tofauti kati ya nambari sahihi na nambari mbovu lazima igawanyike kwa 9. Lazima, kwa sababu zote mbili zinaacha baki lile lile.

Chukua mkulima wa chai wa upande wa Kionyo au Rukuriri anayeandika kilo zake mwenyewe kila anapopima kituoni. Mwisho wa mwezi daftari lake linasema 1,638, taarifa ya mwezi inasema 1,368. Tofauti ni 270. Jumlisha: 2+7+0 ni 9. Inagawanyika kwa tisa, kwa hiyo jambo la kwanza la kushuku ni tarakimu zilizobadilishana. Tena 270 ni tisa mara tatu mara kumi. Hiyo tatu inakuambia tarakimu zilizobadilishana zinapishana kwa 3, na sifuri moja ya mwisho inakuambia zimekaa kwenye nafasi ya makumi na mamia. Hakika: 3 na 6, katikati ya nambari. Tofauti ingekuwa 27, ungetafuta kwenye mamoja na makumi. Ingekuwa 1,800, kama mtu angeandika Meru 1,547,514, ungejua zinapishana kwa 2 na zimekaa kwenye mamia na maelfu.

Ukienda kwa karani ukiwa na maelezo hayo, mazungumzo yanakuwa tofauti kabisa na ya mtu anayesema tu "mmenipunja". Unamwonyesha mahali pa kutazama. Hata hivyo usiape kwa njia hii. Tofauti yoyote iliyotokea kwa sababu nyingine ina nafasi moja kati ya tisa ya kugawanyika kwa tisa kwa bahati tu. Ni dalili ya mahali pa kuanzia kutafuta, na ushahidi wenyewe utaupata kwenye risiti za kila siku.

Kumi na moja, na zile koma za elfu

Anayetaka kushika tarakimu zilizobadilishana atumie 11. Anza kulia, toa na ujumlishe kwa zamu. Kwa Meru: 4−1+7−5+4−5+1 inatoa 5. Hilo ndilo baki la 1,545,714 ukigawanya kwa 11. Ile mbovu, 1,547,514, inatoa 4−1+5−7+4−5+1, yaani 1. Zimetofautiana, kosa limeshikwa. Kwenye kahawa: 847 inatoa 7−4+8, yaani 11, sawa na sifuri. Basi malipo nayo lazima yatoe sifuri. 97,405 inatoa 5−0+4−7+9, yaani 11, sawa. 97,045 inatoa 3, imekataa.

Jibu likiwa hasi, ongeza 11. Embu inatoa 9−9+5−8+0−6, yaani −9, ambayo ni 2. Tharaka-Nithi inatoa 4. Jumla ya kaunti zote tatu ni 2,547,490. Meru 5, Embu 2, Tharaka-Nithi 4: jumla 11, yaani sifuri. Na 2,547,490 inatoa −11, nayo ni sifuri. Kosa la kubahatisha lina nafasi moja kati ya 9 ya kupita mtihani wa tisa, na moja kati ya 11 ya kupita wa kumi na moja. Litakalopita yote miwili ni moja kati ya 99. Kwa kazi ya dakika mbili, huo ni ukaguzi mzito.

Koma tunazoweka kila baada ya tarakimu tatu zina kazi nyingine pia. Nambari 1,001 ni 7 mara 11 mara 13. Kwa hiyo ukichukua mafungu ya tarakimu tatu tatu na kuyatoa na kuyajumlisha kwa zamu, unapata nambari ndogo yenye mabaki yale yale kwa 7, kwa 11 na kwa 13. Meru: 714−545+1 ni 170. Gawanya 170 tu: kwa 7 inabaki 2, kwa 11 inabaki 5 (ile ile tuliyoipata juu), kwa 13 inabaki 1. Nambari ya milioni imekuwa ya mamia, na hujapoteza kitu ulichokitaka.

Nambari zinazojikagua zenyewe

Watengenezaji wa misimbo waliyajua haya, wakaongeza tarakimu moja ya ukaguzi mwishoni. Geuza pakiti ya bidhaa iliyosajiliwa Kenya utazame nambari iliyo chini ya mistari myeusi: ina tarakimu 13, na mara nyingi huanza na 616. (Hiyo 616 inaonyesha nambari ilisajiliwa Kenya, si lazima bidhaa iwe imetengenezwa hapa.) Tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea huhesabiwa mara moja, ya pili, ya nne, ya sita huzidishwa mara tatu, jumla yote lazima iishie sifuri. Jaribu kwa 6161234567890, niliyoitunga kwa mfano. Zile za witiri ni 6+6+2+4+6+8+0, yaani 32. Za shufwa ni 1+1+3+5+7+9, yaani 26, mara tatu ni 78. Jumla 110. Inakubali. Mfumo huu nao una tundu: tarakimu jirani zinazopishana kwa 5, kama 1 na 6, zikibadilishana nafasi haugundui. Nambari ya IMEI ya simu, ile unayoipata kwa kubonyeza *#06#, ina tarakimu 15, na ya mwisho ni ya ukaguzi vilevile.

Nambari ya simu yenyewe haina. Hili ni muhimu sana kwa kila anayetuma pesa. Ukikosea tarakimu moja katika nambari ya simu ya Kenya, au ukibadilisha mbili, unachopata ni nambari nyingine halali inayoweza kuwa ya mtu mwingine kabisa. Hakuna hesabu ndani yake ya kukuonya. Kinga pekee ni jina linaloonyeshwa kabla hujathibitisha malipo, na hilo lisomwe lote, hata kama foleni nyuma yako ni ndefu. Ukishakosea kwenye M-Pesa, peleka ule ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja uombe pesa zirudishwe, kabla aliyezipokea hajazitoa.

Kugawana bila kubakiza

Watu wengi hukutana na vigawo pale wanapogawana. Chama cha mzunguko chenye watu 12 ni rahisi kuendesha kwa sababu 12 inagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6: unaweza kulipa mmoja kwa mwezi, wawili, watatu au wanne, na mwaka unaisha sawasawa. Chama cha watu 13 hakina njia yoyote ila mmoja mmoja au wote kwa pamoja. Anayeanzisha chama afikirie hilo kabla hajafunga orodha.

Idadi ya watu nayo hugawanywa, na kwa sheria. Kifungu cha 89 cha Katiba kinataka idadi ya watu wa Kenya igawanywe kwa idadi ya maeneobunge ili kupata kiwango cha kulinganishia. Mwaka wa 2019 Kenya ilikuwa na watu 47,564,296 na maeneobunge ni 290, hivyo kiwango ni karibu watu 164,015. Eneobunge linaweza kuzidi au kupungua kwa asilimia 40 mijini na kwenye maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Meru ina maeneobunge 9, na kwa kuwa tumeona 1,545,714 inagawanyika kwa 9, wastani unatoka bila desimali: 171,746. Embu ina 4. Kujua kama nambari inagawanyika kwa 4 tazama tarakimu mbili za mwisho tu. 99 inaacha 3, kwa hiyo wastani wa Embu ni 152,149 na robo tatu. Kwa wadi 20 za Embu inabaki 19. Kwa wadi 45 za Meru inabaki 9, kila wadi ikiwa na wastani wa 34,349. Huo ni wastani tu. Hakuna wadi inayolazimika kuufuata, na atakayekuja kwenye mkutano wa bajeti akitumia wastani kana kwamba ni idadi halisi ya wadi yako, muulize idadi yenyewe. Sensa ilichapisha takwimu hadi ngazi ya kata ndogo.

Ukivunja nambari hizi hadi mwisho, Meru na Embu zinageuka kuwa za aina mbili tofauti kabisa. Nambari tasa ni ile inayogawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Kila nambari nzima iliyo juu ya moja ama ni tasa, ama ni zao la namba tasa kwa njia moja tu. Meru ni 2 × 3 × 3 × 79 × 1,087. Ina vigawo 24. Embu ni 53 × 11,483, na zote mbili ni tasa. Vigawo vyake ni vinne: 1, 53, 11,483 na yenyewe. Anayetaka kugawanya watu wa Embu kwa mafungu sawa bila kubakiza mtu ana mafungu 53 au 11,483.

Kuyapata hayo kunahitaji uvumilivu, lakini kuna kikomo. Huna haja ya kujaribu namba tasa zilizozidi kipeuo cha pili cha nambari, kwa sababu ikiwa kigawo kimoja kimezidi kipeuo, mwenzake lazima awe chini yake. Kipeuo cha pili cha 608,599 kimezidi 780 kidogo, na namba tasa zisizozidi 780 ni 137. Hamsini na tatu ni ya kumi na sita. Kwa hiyo kwa kalamu, Embu inavunjika baada ya majaribio kumi na sita, na ukishaitoa 53, 11,483 unaijaribu hadi 107 tu, hapo umethibitisha kwamba ni tasa.

Umbo la nambari ya Embu, yaani zao la namba tasa mbili na si zaidi, ndilo umbo ambalo Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walilijengea kufuli ya siri mwaka wa 1977, inayojulikana kwa herufi za majina yao, RSA. Kuzidisha 53 na 11,483 ni kazi ya dakika moja. Kurudi nyuma, kutoka 608,599 hadi 53 na 11,483, ni kazi ya mgawanyo baada ya mgawanyo. Kadiri namba tasa zinavyokuwa ndefu, ndivyo kwenda mbele kunavyobaki rahisi na kurudi nyuma kunavyoshindikana. Mwaka wa 2020 watafiti walifaulu kuivunja nambari ya tarakimu 250 ya aina hiyo, kazi ambayo kiini kimoja cha kompyuta kingehitaji takribani miaka 2,700 kuimaliza. Funguo za RSA zinazotumika sana leo ni zao lenye tarakimu 617. Tovuti nyingi unazofungua kwenye simu zinajitambulisha kwa funguo za aina hii au za jamaa zake.

Tharaka-Nithi sijaivunja hapa hatua kwa hatua, na mwenye mtoto wa shule ya upili aifanye pamoja naye. Anza na 3, ambayo tumeshaona inaingia: unabaki na 131,059. Kipeuo chake cha pili ni 362 na kidogo. Namba tasa zisizozidi hapo ni 72, ya mwisho ikiwa 359. Tumia 9, 11 na 1,001 kuziondoa za mwanzo bila kugawanya kwa mkono, kisha endelea moja moja. Hakuna itakayoingia, 131,059 ni tasa.